Kioo Kilichovunjika Hakibanduliwi

Mama Vioo anapiga magoti kwenye tope, anaelekeza taa ya kofia yake kwenye ukuta wa handaki, kisha anasonya.

"Huyu naye amekwenda."

"Huyu" ni kipande chembamba cha kioo, kirefu kama kiganja, alichokibandika kwa jasi juu ya ufa wa zege mapema wiki hii. Kimevunjika katikati. Nusu moja imepanda juu ya nyingine, kama vigae viwili vya paa.

Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu wachimbaji wakampa jina hilo. Zege likisogea unywele mmoja, kioo kinavunjika na kila apitaye anaona. Kanuni yake ni moja: kilichovunjika hakibanduliwi. Kipya kinawekwa pembeni yake, na tarehe inaandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Kanuni hiyo ndiyo inayotaka kumkosesha kazi.

Zamani alikuwa fundi wa fremu za picha. Duka lilipofungwa, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alimwombea kibarua hapa. Shemeji huyo anaendesha mashine ya kutoboa mwamba, mbele kabisa, mahali ambapo handaki linaishia gizani.

"Walitaka mtu anayeweza kukata kioo bila kujikata," analiambia gazeti hili, akinyoosha vidole vya mikono yote miwili. "Kumi. Hesabu mwenyewe."

Zamu ya asubuhi inaingia. Shemeji anatangulia, gambuti zikifyonza tope.

"Shemeji, vioo vinasemaje leo?"

"Vinasema ukaoge. Hata mlima unasogea kukukimbia."

Wenzake wanaangua kicheko. Kisha taa zao zinakiangukia kile kioo, na kicheko kinakatika.

Handaki hili litapeleka maji mjini, na mji una kiu kweli, hakuna anayebisha. Lakini kuna kipande kimoja, chenye urefu usiozidi uwanja wa mpira, kinachopita pale ambapo, enzi na enzi, mlima mmoja ulisukumwa ukapanda juu ya mwingine.

"Chukua mkeka uusukume ukutani," anaeleza kwa simu mjiolojia aliyekagua mwamba wa hapa, binti aliyemfundisha Mama Vioo kusoma nyufa. "Utajikunja, mkunjo mmoja ulale juu ya mwenzake. Mwamba nao ni hivyohivyo, ila unachukua mamilioni ya miaka. Ule uliokuwa chini sana, kwenye joto, ulivutika kama unga uliokandwa. Ule wa karibu na juu haukuweza kuvutika. Ulivunjika, ukasagwa."

Uliosagwa ndio huu. Ukiushika unamomonyoka mkononi, wa kijivu, na ndani yake mna vibamba vinavyong'aa kana kwamba vimepakwa mafuta. Mlima uliosimama juu yake unaukandamiza, nao unakimbilia penye nafasi. Nafasi ni handaki. Sakafu imevimba. Matao ya chuma, manene kama paja la mtu mzima, yamepinda kama ndoano.

Mjiolojia anasema alitaka matao yaongezwe na uchimbaji usimame kwanza. Akahamishiwa mradi mwingine.

"Usiandike kwamba hawajui," anasema. "Wanajua. Hakuna asiyejua."

Na hapo ndipo panapochoma. Wangekuwa hawajui, tungewahurumia na kuwaelimisha. Lakini wageni wenye mradi wanakuja kukagua, na kusimama ni kuchelewa. Kwa hiyo msimamizi alimwagiza Mama Vioo avibandue vyote vilivyovunjika, abandike vipya, afute na tarehe. Alikataa. Siku iliyofuata ikaletwa mashine ya kurushia zege. Vioo, tarehe, rangi nyekundu, vyote vikafunikwa. Ukuta ukawa laini kama wa ukumbi wa harusi.

Mama Vioo alirudi na jasi yake akabandika upya, juu ya nyufa zilizokwisha kutokea kwenye zege lilelile jipya. Kilichovunjika leo ni cha kwanza kati ya hivyo vipya.

Msimamizi anatokea. Ni kijana, shati limepigwa pasi.

"Mama, unawatia watu hofu."

"Umeuficha ukuta, mwanangu. Mlima umeuficha wapi?"

"Mwisho wa mwezi, habari ya vioo basi. Ni gharama isiyo ya lazima."

Gharama! Ujira wa siku wa mama huyu haununui mifuko miwili ya saruji.

Gazeti hili lilipomuuliza, msimamizi alijibu kwamba handaki ni salama kabisa. Lilipomwomba asimame nasi chini ya matao yaliyopinda atueleze usalama huo, alikumbuka ana kikao.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," anasema Mama Vioo, akimtazama anavyoondoka. "Hawakuwahi kufanya kazi handakini, wahenga wetu. Huku ukiuziba ufa usiotaka kuusikiliza, unajenga kaburi. Na si lake. Ni la huyu mpumbavu wangu."

Mpumbavu wake, shemeji, ameketi juu ya reli na wenzake wote. Hawapiti. Wamesema watapita matao yakiongezwa.

Leo wamekaa. Kesho huenda watabembelezwa au kutishwa, na watoto wanataka kula. Mama Vioo analijua hilo, na ameshajipanga. Chini ya meza yake ya kukatia, kwenye mlango wa handaki, kuna vipande vya kioo vilivyofungwa kwenye magazeti ya zamani, kimoja kwa kila mchimbaji, kila kimoja na konzi ya jasi kavu kwenye mfuko. Amekwisha kuwafundisha kubandika.

"Mimi watanifukuza," anasema. "Watampekua kila mtu mfukoni?"

Anachotumaini ni kidogo: matao yaongezwe, maji yafike mjini, na wote walioingia watoke.

Anachukua furushi moja, anamwekea shemeji mkononi.

"Usikivunje njiani."

"Nikikibandika, halafu kikavunjika?"

"Usikae kukiangalia," anasema, na safari hii hatanii. "Toka. Toka na wenzako wote."