Miche Kumi na Mmoja ya Minko

Jirani yangu Minko ni mkono wa birika, lakini kwa kitu kimoja tu: nyanya. Kwa mengine hana neno. Atakupasulia kuni, atakugawia nyama akichinja nguruwe wa Krismasi, hata meno yake ya bandia atakuazima ukiyataka. Lakini nyanya! Mwezi wa nane ananiletea sahani ya zile nyanya zake kubwa za rangi ya waridi, na nikiangalia, naona amezikata vipande na kuzikamua mbegu zote. Hajaacha hata moja. Anazimwagia jibini juu, halafu anasimama mlangoni kuhakikisha nimekula.

"Minko, unadhani nitakuibia nini humu?" nilimwuliza mwaka mmoja.

"Genka, wewe nakujua," akasema. "Kula."

Kijijini kwetu kila mtu anaamini nyanya za jirani ni maji matupu, lakini za Minko hata wasiompenda wanazikubali. Na kwa kweli si zake. Ni za marehemu mkewe, Slavka, aliyezichagua tangu alipoolewa, kila mwaka akitunza mbegu za ile iliyozidi wenzake utamu. Slavka alipofariki, miaka sita iliyopita, Minko alizikumbatia zile nyanya kama vile mkewe amebaki humo. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia.

Basi mwaka huu, wakati wa theluji, panya waliingia stoo kwake wakatafuna bahasha nzima ya mbegu. Minko alipiga magoti sakafuni akaokota mabaki moja moja. Alipozisia, zikaota kumi na moja. Akazipanga dirishani kwenye vikombe vya mtindi, na kila asubuhi akawa anavigeuza nusu duara ili miche isiinamie upande wa jua. Anaisalimia kabisa! Mimi nimemsikia.

Wiki ileile akaja kwangu na simu, maana simu ya kuonana uso kwa uso hajui kuifungua. Alikuwa binti yake, Ralitsa, anayefundisha watoto kuogelea katika hoteli moja huko Thailand.

"Baba, nimekukatia tiketi," Ralitsa akasema, bila hata kunisalimia mimi niliyeshika simu. "Tarehe nane mwezi wa nne. Wiki tano."

"Ya kwenda wapi?"

"Kwangu, Baba! Huku joto ndiyo linaanza, watalii wanaondoka, tiketi ni za bei ya kutupa."

"Wenye akili wanaondoka, halafu mimi ndiyo niingie?"

Ralitsa hakucheka. "Baba, sijakuona tangu tumzike mama. Kila mwaka una sababu. Mara goti, mara nguruwe, mara paa linavuja. Safari hii usipokuja, mimi sikuombi tena. Nakwambia ukweli, sikuombi tena." Simu ikakatika. Minko akabaki anakitazama kioo cheusi kana kwamba binti atatokeza tena.

"Digrii arobaini, Genka," akaniambia baadaye. "Moyo wangu utasimama."

"Wee! Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye tanuri la kiwanda cha vioo? Si ulikuwa ukikaanga mayai juu ya koleo!"

"Lile lilikuwa joto kavu," akanijibu, na uso mkavu vilevile.

Lakini kwenda alitaka, hilo halikunipita. Siku mbili tu baadaye, nikamwona uani amevaa kaptula. Kaptula! Nje kuna baridi ya kukata masikio, sote bado tuna mkononi zile nyuzi nyekundu na nyeupe za mwezi wa tatu, ambazo kwa desturi yetu hazivuliwi mpaka uone mti uliochanua, na yeye anazunguka kisima na miguu yake myeupe kama jibini. Anajizoesha. Jioni akawasha jiko la kuni mpaka bomba likawa jekundu, akakaa mbele yake na kofia ya manyoya kichwani, saa mkononi. Dakika ishirini siku ya kwanza, arobaini siku ya pili. Nilicheka sina mbavu.

Dukani kwa Tsetsa safari ya Minko ikawa ya kijiji kizima. Tsetsa mwenyewe alimshauri abebe mkanda wa sufu wa kufunga kiuno, figo zisipate baridi.

"Kwenye joto lile?" nikauliza.

"Figo hazina likizo, Genka," akasema, na Minko akaununua. Akanunua na soseji kavu, chupa mbili za sosi ya pilipili, na pakiti ya viungo vya supu, kwa sababu nani ajuaye watu wale wanakula nini. Vyote vikaingia sandukuni. Asubuhi vyote vikatoka. Jioni vikaingia tena. Nilipoona sanduku limefunguliwa mara ya tatu, nikamvaa.

"Minko, unaenda au huendi?"

Akaniangalia, akaangalia dirishani. "Nani ataigeuza?"

"Nini?"

"Miche. Wiki ijayo inatakiwa ihamishiwe vyombo vikubwa. Halafu baridi ya usiku. Halafu wadudu."

"Niachie mimi."

"Wewe? Thubutu!" Kisha sauti ikamshuka. "Ni hii tu, Genka. Duniani kote ni hii kumi na mmoja. Ikifa, Slavka amenifia mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemwacha mwenyewe nikaenda kuota jua."

Nikarudi kwangu mbio mbio, na sasa lazima nikuambie kwa nini.

Mbegu za Slavka ninazo. Nimekuwa nazo miaka sita. Ule mwaka wake wa mwisho, mwezi wa nne, alikuja kwangu na kikaratasi ndani ya mfuko wa aproni. "Chukua," akasema. "Minko asijue, atanuna mpaka Krismasi. Lakini kitu kikikaa nyumba moja kinaisha." Nikachukua. Tangu hapo nimezipanda ng'ambo ya mto, kwenye banda la plastiki la dada yangu, nikipeleka maji kwa siri kama mwizi. Zikiiva natengeneza sosi, natia kwenye chupa, na kila majira ya baridi Minko anakaa mezani kwangu, anaifuta sahani kwa mkate mpaka inang'aa, halafu anasema: "Si mbaya, Genka. Imekosa kitu tu."

Na mimi nilikuwa nikiona raha! Nakiri. Mtu anayenikamulia mbegu, namlisha mbegu zake mwenyewe na hajui. Ila safari hii raha haikuwepo. Nikisema, huenda asinisamehe hadi kaburini, na jirani mwingine wa kugombana naye sina. Nisiposema, haendi, na hivyo ndivyo anavyompoteza mtoto wake pekee. Nilikaa na neno hilo mdomoni siku tatu. Niliogopa, basi.

Tarehe tano akaja na simu.

"Nipigie Ralitsa," akasema. "Nimwambie moyo hauniruhusu."

Nikaishika ile simu. Nikaiangalia. Nikaitia mfukoni mwa aproni yangu.

"Sipigi. Vaa viatu, twende."

"Wapi tena?"

"Vaa viatu, Minko!"

Tukavuka daraja, yeye analalamika njia nzima kuhusu goti. Nikafungua banda. Miche arobaini, imesimama kwenye vikombe vyake, minene shingo. Nyanya za Slavka huzikosei: jani lake ni pana, halina meno pembeni, utafikiri la kiazi. Minko aliinama, akasugua jani moja, akanusa vidole. Akanusa tena. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nani kakupa?"

"Mwenyewe."

"Lini?"

"Ule mwaka. Mwezi wa nne."

"Umekula nyanya zangu miaka sita!"

"Wewe ndiye uliyekula. Kila majira ya baridi, tena ukasema zimekosa kitu."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia, waziwazi, mikono magotini. Mimi nikasimama tu na aproni yangu. Mwishowe akauliza alichosema Slavka, na nikamwambia neno kwa neno, pamoja na lile la kununa.

"Mpaka Krismasi?" akasema, na machozi bado yanamtoka akaanza kucheka. "Ni kweli. Ningenuna."

"Na sasa?"

"Sasa pia nanuna. Nanuna mpaka tarehe nane." Akajipangusa pua. "Haya, nipigie Ralitsa."

"Umwambie nini?"

"Nimwulize kama huko wana jibini."

Na kweli alininunia siku tatu kamili, hata salamu hakuna. Asubuhi ya tarehe nane akaja na vile vikombe kumi na kimoja kwenye trei, akavipanga dirishani kwangu yeye mwenyewe, akanionyesha namna ya kuvigeuza kana kwamba mimi nimezaliwa jana. Mkanda wa sufu alikuwa ameufunga juu ya shati. Basi likaja, akapanda, na dirishani akanizungushia kidole: nusu duara, Genka, nusu duara.

Alirudi katikati ya mwezi wa tano, mwekundu kama pilipili, na Ralitsa akimpigia kila jioni kumwuliza kama hajambo, kama amekula, kama amepaka ile dawa ya ngozi. Miche yote kumi na mmoja ilikuwa hai. Aliihesabu mara mbili mbele yangu, akaibeba kwenda kwake.

Mwezi wa nane, Minko akanigongea mlango na sahani. Juu yake nyanya moja, kubwa, haijakatwa.

"Chumvi unayo," akasema, akaondoka. Hakusubiri nile.

Ng'ambo ya mto nilikuwa na miche arobaini imejaa nyanya za aina ileile. Lakini hii niliila nimesimama palepale mlangoni, na mbegu zake nikazianika peke yake kwenye karatasi, juu yake nikaandika: za Minko.