Balozi Asiyeomba Kupunguziwa

Wiki iliyopita nilimkalimania mama mmoja wa Kariakoo aliyekuja Guangzhou kufunga mzigo wa magauni. Katika duka moja la Shisanhang, mtaa ambako wageni wananunua bidhaa tangu enzi za meli za tanga, tulitajiwa bei iliyomfanya mama ashike kiuno.

“Mwambie huyo laoban nauza Dar, siuzi peponi.”

Laoban, yaani bosi, akaweka mezani peja yake ya kupokelea ujumbe, akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na picha ya Mzungu mwenye sharafa na koti zito.

“Huyu alikuwa balozi wa Marekani, karne ya kumi na tisa. Alikuja kufanya biashara, nchi yake ikampa na ubalozi. Miaka kumi na miwili alinunua kwa babu wa babu yangu, na hakuomba kupunguziwa hata siku moja.”

Nikatafsiri. Mama akamkagua balozi kama anayekagua mshono.

“Muulize aliishia wapi.”

“Alirudi kwao tajiri,” laoban akajibu kwa fahari. “Akajenga jumba.”

Mama akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. “Basi alipunguziwa! Asiyepunguziwa hajengi. Nipe bei ya balozi.”

Akapewa.

Juzi nimerudi pale na Mkongomani wa Lubumbashi. Picha ni ileile, ila maisha ya balozi yamebadilika: sasa alirudi kwao kafilisika, akafia chumba cha kupanga. Kumbe wateja nao huandika historia.

Mkongomani akaitazama picha kwa huruma.

“Masikini! Umwambie anipunguzie, nisikufe sawa yeye.”