Hodi Ndani ya Hedifoni

Msinitazame hivyo. Mtu akianza kusimulia mambo ya namna hii, najua mnachosema moyoni: huyu alikunywa uraka, pombe yetu ya mabibo, huyu alikuwa na homa. Sikunywa, na sikuwa na homa. Ilikuwa Jumapili mchana, jua linawaka, na tulikuwa watu wazima watatu wenye akili zetu timamu. Ukitaka usiamini, shauri yako, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana jambo lenyewe linahusu mlango, na nyumba yako ina mlango.

Nilikuwa fundi redio pale Newala. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimeanza kumiminika madukani. Zamani ukiwa na redio ya mbao watu wanakuamkia, halafu ghafla redio kaseti zikaja kwa marobota, pamoja na hedifoni za kila aina, nyingine zimenyofolewa sponji, nyingine nzima. Redio zilizougulia Ulaya zikaja kufia mezani kwangu. Mimi nilifurahi. Nina masikio mazuri, hilo nitalisema bila aibu.

Tulikuwa watatu tuliopenda kusikiliza. Si kucheza muziki, hapana, kusikiliza. Baba Fadhili alikuwa dereva wa lori la korosho, mwenyeji wa Masasi, mkubwa wetu kwa umri, na kila akirudi kutoka Dar alikuja na hedifoni mpya ya kunitambia. Wa pili alikuwa Mwalimu, kijana wa Kitangari, mbishi kama nini. Jumapili tulikaa kibandani kwangu, tukaunga deki ya kaseti kwenye betri ya gari, tukashindanisha hedifoni. Hii ina besi mpaka sikio linawasha. Hii safi lakini kavu, waimbaji kama wamenyimwa maji. Wake zetu walituona wendawazimu.

Kanda ya mashindano ilikuwa moja tu. Niliirekodi mwenyewe Kitangari, uwanjani, siku vijana walipotoka jandoni. Humo mna ngoma, vigelegele, na nyuma yake kabisa, ukiwa na chombo kizuri, mna mama anatwanga, mna jogoo, mna mzee anasafisha koo. Sharti letu lilikuwa ufumbe macho na useme unachosikia. Hedifoni ikikupa kitu kipya, imeshinda.

Jumapili hiyo akaja mgeni. Alisimama mlangoni, hakupiga hodi. Tulipoinua vichwa tukamwona kijana mrefu, amefunga kitambaa shingoni, mkononi ana hedifoni kubwa nyeusi, nzito. Akaomba radhi kwa kunong'ona. Sauti imekauka, akasema, ametoka Mnyambe, amesikia kuna watu hapa wanaojua kusikiliza. Baba Fadhili akamwambia, "Pole mwanangu, tafuna tangawizi." Yule akaitika kwa kichwa, akanipa hedifoni yake, akaketi pembeni.

Mimi ni fundi, kwanza nafungua, salamu baadaye. Nikatoa skrubu. Jamani! Ndani hamna koni ya karatasi kama hizi zetu. Kuna utando mwembamba kama ganda la kitunguu, umechorwa nyaya bapa, huku na huku umezungukwa na sumaku. Utando mzima unatikisika kwa pamoja. Nilikuwa nimesikia habari za vitu hivyo, sikuwahi kuvishika. Nikaifunga kwa adabu, nikaivaa, nikafumba macho.

Niwaambieje? Ngoma haikugonga sikio. Ilikuwa pale ilipo, mbali kidogo, na nyuma yake uwanja mzima umetandazwa. Yule mama anatwanga kushoto, nikasikia hata pumzi yake anapoinua mchi. Jogoo. Mzee na koo lake. Nikawa nawatajia wenzangu huku natabasamu kama mjinga.

Halafu nyuma ya bega langu mtu akasema, "Hodi!"

Nikajua ni mteja. Sauti ya mwanamume, nyembamba, ya puani kidogo. Nikajibu bila kufumbua macho, "Karibu." Akarudia, "Hodi!" Nikasema, "Karibu, pita ndani." Mara ya tatu nikakereka, nikapaza sauti, "Nimesema karibu, ingia, ni kwako hapa!"

Nikasikia kicheko. Nikafumbua macho, mlangoni hamna mtu. Baba Fadhili alikuwa ameshika mbavu. "Fundi, unamkaribisha nani?"

Nikamwambia mna mtu anapiga hodi ndani ya kanda. Mwalimu akabisha papo hapo: uwanjani kuna mlango gani wa kupigia hodi? Nikarudisha kanda nyuma, nikampa asikilize. Akasikiliza, akaacha kucheka. Akampa Baba Fadhili. Baba Fadhili akavua hedifoni taratibu, akaniangalia.

"Fundi, si ni wewe huyu?"

"Mimi? Sauti hiyo ya mbuzi mwenye mafua?"

"Ni wewe," akasema Mwalimu. "Ndivyo unavyosikika. Wewe ndiye pekee usiyejua."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na hata wewe ungelikosea. Nani anaijua sauti yake mwenyewe? Unaisikia kutokea ndani ya fuvu; watu wanaisikia kutokea nje. Wao wawili waliitambua, kwa hiyo hawakuitikia. Mimi niliyedhani ni mgeni nilimkaribisha, na kumwambia ni kwake. Na wallahi, kule Kitangari nilisimama nyuma ya redio yangu tangu mwanzo wa ngoma hadi mwisho, sikumpigia mtu hodi.

Tukajaribu kanda ile kwenye hedifoni ya Baba Fadhili. Hakuna hodi. Kwenye ya Mwalimu, hakuna. Kwenye ya mgeni, ipo.

Yule kijana akanyoosha mkono, akachukua chombo chake, akainuka. Akasema, "Haya ndugu zangu, nawashukuru sana. Mimi napita."

Wenzangu wote wawili wakageuka kunitazama mimi. Mdomo wangu ulikuwa umefumbwa. Nilijigusa kabisa kuhakikisha. Yeye hakunong'ona tena. Alisema wazi, kwa sauti ile nyembamba ya puani. Akatoka, akashika njia ya bondeni juani kama mtu yeyote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata. Hata Baba Fadhili, mtu mzima anayeendesha lori porini peke yake, hakuthubutu.

Nilipofika nyumbani jioni, mke wangu alikuwa amenuna. "Baba Zuhura, huo mchezo gani? Unapiga hodi, nakukaribisha, huingii. Nimetoka nje mara ngapi?" Nikasema alisikia vibaya. Nilimdanganya, kwa sababu niliogopa.

Siku zilizofuata jirani wakaanza. Fundi, jana ulikuja ukaondokea wapi? Fundi, mbona waita watu halafu wajificha? Nikaenda Mnyambe kuulizia kijana mrefu mwenye kitambaa shingoni. Wakaniuliza, anaongeaje? Nikajibu, kama mimi. Wakacheka mpaka nikaona haya. Mzee mmoja tu hakucheka. Alisema kwa upole kwamba ndondocha, yule mtu anayechukuliwa na wachawi wakamfanya mtumwa wao, hukatwa ulimi na wenye kumfuga, ndiyo maana hana sauti, na akikaribishwa na mtu akapata sauti yake, haiachi. Sijui. Mimi ni fundi redio, nasema nilichokiona.

Lakini Zuhura, mwanangu! Alikuwa mdogo, ndio kwanza meno ya mbele yameanza kung'oka. Alasiri moja mama yake yuko jikoni, mtoto akatoweka. Wanawake waliokuwa wanapanda na ndoo za maji kutoka bondeni walimkuta ukingoni kabisa, pale ardhi inapokatika, anashuka peke yake anacheka. Wakamrudisha mgongoni. Nikamuuliza, ulikuwa unakwenda wapi, mama? Akanijibu kama vile mimi ndiye niliyesahau: "Si wewe baba ulipiga hodi, nikakufungulia, ukaniambia twende?"

Nililia mbele ya wale wanawake, sikujali. Ile kanda nikaichoma siku hiyo hiyo.

Tangu hapo sikupiga hodi tena, si kwangu wala kwa mtu. Nikifika mlangoni nagonga fremu kwa bisibisi yangu, ko-ko-ko, nasubiri kimya mpaka nionekane. Zuhura nilimfundisha hivyo hivyo: baba ni bisibisi, sauti si baba. Watu wakaniona mwenye kiburi, mkwe wangu akaniona sina adabu. Waache. Mtoto alikua, akaolewa Chiungutwa, nikaamini yameisha. Kwa miaka mingi hakuna aliyeniambia amenisikia.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nikagonga kwa bisibisi kama kawaida. Akafungua mjukuu wangu, mtoto wa Zuhura, naye meno ya mbele hana. Akaniamkia vizuri, nikamjibu marahaba, halafu akaitazama ile bisibisi kwa mshangao.

"Babu, mbona leo unagonga? Juzi si ulipiga hodi?"

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamuuliza alijibu nini.

"Nilisema karibu," akaniambia. "Si ndiyo adabu, babu?"

Sasa niko hapa Chiungutwa. Nimehamia, nalala chumba kimoja na mtoto yule, mkono wangu uko juu ya komeo. Na wewe uliyenisikiliza, usimkaribishe mtu usiyemwona, hata kama sauti ni ya mama yako mzazi. Toka, chungulia, umwone uso ndipo uitikie. Na ukisikia sauti nyembamba ya puani inaita mlangoni, ikakujia kama ya yule fundi wa Newala aliyekusimulia kisa hiki, nyamaza kabisa na umshike mwanao. Mimi sipigi hodi.