Moteri ya Baba Ilikufa

Mdogo wangu ni fundi wa magari huku mtaani kwetu Panda. Ndiye aliyeniambia mimi mkubwa wake, huku akipangusa mikono kwa kitambaa, "Yaya, ile moteri ya baba ilikufa." Nikamwamini, maana ni fundi, tena tumenyonya ziwa moja. Nikanunua injini nyingine, moteri ya kisasa zaidi, pamoja na buati yake ya vitesi, ile ya gia, akazifunga kwenye pikapu ya zamani aliyoniachia marehemu baba. Ilienda vizuri, siwezi kusema uongo. Ila nilikikosa kikohozi. Moteri ya baba ilikohoa mara mbili kabla ya kuwaka, na asubuhi ndiyo iliyotuamsha watoto wote.

Siku ya Pasaka, baada ya misa, nikakisikia kikohozi kile kile nyuma ya kanisa. Mdogo wangu alikuwa kwenye usukani wa pikapu yake mwenyewe, aliyokuwa ameinunua bila moteri. Aliponiona nimesimama mbele yake, hata hakuizima.

"Yaya," akasema, "ilifufuka."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kabla hatujamzika baba, walitufungulia sanduku tumwone. Moteri yake sikuomba hata kuonyeshwa.