Kija Hasalimii

Wilhelmina wa Buhongwa alikuwa amechoka kumwombea binti yake radhi. Kija, miaka ishirini na minne, aliijua pamba kuliko wengi. Akitia mkono kwenye gunia alikwambia bila kuangalia ipi safi na ipi fifi, ile ya daraja la chini. Lakini hasalimii. Bosi akipita hageuki, hapigi goti, shikamoo haimtoki. Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba, viwanda vya kuichambua vilichipuka kila upande, na Kija alikuwa ameshafukuzwa katika viwili kwa kosa lilelile: jeuri.

Mwaka tisini na sita alipita daktari mgeni kwenye hospitali ya misheni. Alikaa na Kija asubuhi mbili, akamhoji mama habari za utotoni, kisha akaandika barua. Otizimu, alisema. Si ukaidi, si kurogwa, wala si malezi mabaya, ndivyo alivyozaliwa. Wilhelmina alilia kwa furaha. Miaka yote majirani walisema hakumfunza mtoto adabu. Sasa alikuwa na karatasi yenye mhuri.

Akaenda nayo Usagara, kwenye kiwanda kipya. Karani wa ajira, Luhaga, alimwaga mezani lundo la pamba iliyochanganywa makusudi. Kija aliitenga yote kabla chai ya karani haijapoa.

"Huyu ni mashine!" Luhaga akacheka. "Njoo Jumatatu, dada. Unaitwa nani vile?"

Kija alikuwa anatazama feni.

"Dada, si nakuuliza? Au mpaka nilete posa kwanza?"

Wilhelmina akaona yaleyale yanaanza. Akafungua pochi haraka. "Usikasirike, baba. Si jeuri. Hebu soma hapa."

Luhaga alisoma, midomo ikihangaika na Kiingereza. Kicheko kikamkauka.

"Mama, kumbe ana ugonjwa wa akili?"

"Siyo ugonjwa. Ndivyo alivyo."

"Mhuri wa hospitali huu hapa, halafu siyo ugonjwa? Akianguka kwenye mashine nimwambie nini tajiri?"

"Aanguke kwa lipi? Kifafa hana!"

"Mama yangu, ingekuwa jeuri tu ningemnyoosha. Nimenyoosha wangapi hapa! Lakini hili la daktari..." Akaikunja barua vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Pole sana."

Nje ya geti Wilhelmina alifoka mpaka mlinzi akageuka. "Bila barua, hana adabu! Na barua, hana akili! Sasa wanataka nimzae upya?"

"Nipe hiyo barua," Kija akasema.

"Ya nini?"

"Nikae nayo mimi. Kiwanda cha kwanza nilifanya kazi miezi miwili ndipo wakanifukuza. Cha pili, wiki tano. Hapa hata siku moja."

"Na huko kwingine wakisema una jeuri?"

"Watasema. Lakini watasema nikiwa kazini."

Wilhelmina aliibana pochi kifuani. Katika miaka ishirini na minne, ni barua ile peke yake iliyowahi kumwambia kwamba hakukosea. Hata hivyo akaitoa barua, akampa, akageuza uso asione inavyokunjwa.