Treni Niliyomwahidi Mama Mkwe

Mama mkwe wangu wa Iringa alikuwa Dar, na alipanga kuja kwa ndege akae nasi Mbeya mwezi mzima. Mimi, mtu wa kushinda sebuleni, nikamwambia akishuka uwanjani Songwe apande treni hadi mjini, maana kwenye simu nilikuwa nimeona reli inapita jirani.

Mchana akanipigia. "Baba, treni yako iko wapi? Watu wa hapa wananicheka, wanasema haipo."

Nilijichukia. Reli nayo ikanitia kinyaa, inapita karibu na ndege wala haimsaidii abiria. Nikamfuata kwa teksi, nikamkuta amekalia begi juani, salamu yangu haitaki.

"Nipeleke stendi nirudi Iringa," alisema. "Mji wako mwenyewe huujui, si utakuja kunilaza kwa jirani?"

Nikampeleka.