Siku Mama Alipopokelewa Ghalani

Uwanja wetu wa ndege ulipokuwa bado banda la bati lenye mzani mmoja, baba yangu alikuwa mpakizi, na kilichompa heshima mtaani si kubeba masanduku. Kisiwa hiki hakina hospitali kubwa. Wagonjwa mahututi hupelekwa ng'ambo, na baadhi yao hurudi ndani ya jeneza. Ndege ikitua na maiti, baba na wenzake walimshusha huyo kwanza. Masanduku yalingoja, abiria walingoja, hata waziri akiwamo alingoja. Ndugu walitembea hadi chini ya bawa wakampokea mtu wao mabegani. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ilikuwa ya baba na ubishi wake tu.

Kisha ukajengwa uwanja mpya. Bahari ilijazwa mawe na kifusi ili njia ya kurukia itoshe ndege kubwa, tukapata jengo la vioo, mikanda ya mizigo, na ngazi zinazopanda zenyewe ambazo bibi alikataa katakata kuzikanyaga. Tulijivuna, nisidanganye. Baba naye alipandishwa cheo, akawa msimamizi wa ghala la mizigo. Utaratibu mpya ulisema jeneza ni shehena: lishushwe kwa mashine, lipelekwe ghalani nyuma ya uwanja, ndugu wangoje nje ya geti mpaka karatasi zikamilike. Baba aliusimamia hasa. Alisema ndege hizi hazisogelewi ovyo kama punda, na mtu mmoja akigongwa uwanja mzima utafungwa. Mshonaji wa mtaani kwetu aliporudishiwa mwanawe, alimsihi baba amruhusu kuingia hatua chache tu. Baba alikataa. Tangu siku hiyo watu wakamwita Chuma, na hawakuwa wakimsifu.

Mwaka uliofuata mama alipelekwa ng'ambo kufanyiwa upasuaji wa moyo. Hakurudi mzima.

Nyumbani kila mtu alichukulia kwamba baba angeingia. Kitambulisho kilikuwa shingoni mwake, funguo za ghala mfukoni. Shangazi, ambaye ulimi wake hauna breki, alimwambia kwamba miaka yote amewapokelea watu wafu wao, basi sasa akampokee wake pale pale kwenye ndege. Kaka yangu akaunga mkono. Baba alikuwa anapiga pasi shati jeupe, akawaacha waseme mpaka wakachoka. Mimi sikuchoka. Sikutaka mama ashushwe kama friji, asiguswe na mkono hata mmoja unaomjua.

"Baba, ingia wewe tu. Sisi tutangoja nje."

Aliinua pasi isiunguze kola. "Yule mshonaji aliniomba hivyo hivyo, mwanangu. Nikiingia leo, si watasema mkuki kwa nguruwe? Na watakuwa wamesema kweli."

Nilimchukia. Nasema wazi, saa zile nilimchukia baba yangu. Niliona afadhali aibu ya mtaani kuliko mama kufika kwao bila wa kumlaki.

Tulisimama getini juani, nyuma ya mstari wa njano ambao baba aliupaka mwenyewe. Kitambulisho alikiacha nyumbani. Ndege ilitua, ikakaa kule mbali muda mrefu, nasi hatukuona kitu ila mkia wake. Hatimaye foklifti ikaja polepole na jeneza, ikaliweka kando ya maboksi ya vigae. Baba aliushika waya wa uzio kwa mikono miwili.

Karani wa ghala akafungua dirisha la getini. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefundishwa kazi na baba. Alimtazama bosi wake, akatazama karatasi, akauliza kama alivyofundishwa kuwauliza wote:

"Una uhusiano gani na mzigo?"

Swali hilo alilitunga baba mwenyewe, kwenye meza yetu ya chakula, mama akimmiminia chai. Nami nilikuwepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya wake.

"Uliza tena," akasema. "Sema marehemu. Kuanzia leo, kila mtu muulize hivyo."

Karani akauliza upya. "Una uhusiano gani na marehemu?"

"Mimi ni mume wake," baba akasema, akalia pale dirishani mbele ya watu wote, nasi tukaingia kumchukua mama.